Namna ya Kumwandaa Mtoto Mdogo Asiyumbishwe na Wenzake

Muulize mtoto wa miaka sita kama ni vizuri kumcheka mwenzake aliyejikojolea darasani. Atakujibu bila kusita kwamba si vizuri. Kesho yake kundi likiangua kicheko, naye atacheka. Hakusahau somo. Alichokosa ni maneno ya kusema, mahali pa kwenda, na uthabiti wa sekunde kama kumi hivi wakati macho ya wenzake yamemgeukia yeye.

Wanasaikolojia Daniel Haun na Michael Tomasello waliliangalia jambo hili kwa watoto wa miaka minne nchini Ujerumani, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2011. Mtoto alionyeshwa picha ambazo jibu lake lilikuwa wazi kabisa, lakini kabla hajajibu aliwasikia wenzake watatu wakitoa jibu jingine. Watoto wengi walifuata jibu la wenzao angalau mara moja. Walipopewa nafasi ya kujibu kimyakimya, wenzao wasione, waliofuata kundi walipungua. Maana yake ni kwamba mtoto alikuwa anaona sawasawa. Alichobadilisha ni kauli yake ya hadharani.

Kwa hiyo mahubiri ya mema na mabaya, hata yakirudiwa kila jioni, hayafiki pale penye shida. Mtoto anahitaji stadi, na stadi hufundishwa kama kuogelea au kufunga kamba za viatu: kipande kidogo kidogo, kukosea, na kurudia. Hatua zifuatazo zinawafaa watoto wa miaka 4 hadi 10. Ukizianza leo, tegemea kuona mabadiliko baada ya wiki nne hadi sita, si siku mbili.

Hatua ya kwanza: jua ni msukumo wa aina gani

Watu wazima wakisikia "shinikizo la wenzake" hufikiria sigara na pombe. Kwa mtoto mdogo mambo ni madogo zaidi na ni ya kila siku: kumnyang'anya mtoto mpya kiti, kuparamia ukuta, kuchukua kalamu ya rangi ya mtu, kumdanganya mwalimu. Sikiliza maneno yenyewe, maana kila aina ina kauli zake na kila aina ina jibu lake.

Wa kwanza ni msukumo wa kuthubutishwa. "Mwoga wewe!" "Huwezi." "Wote tumeruka, bado wewe tu." Huu ndio unaovunja mikono na meno, kwa hiyo anza nao kwenye mazoezi.

Wa pili ni wa biashara: "Ukinipa penseli yako nitakuchezesha." Mtoto hujifunza kwamba urafiki unanunuliwa, na bei hupanda kila wiki. Vitu vikianza kupotea begini mara kwa mara, fikiria huu kabla hujamlaumu kwa uzembe.

Wa tatu ni wa kutengwa. "Ukicheza na yule, sisi hatukutaki." Kati ya miaka 6 na 9 huu ndio mzito kuliko yote, kwa sababu katika umri huo kuwa na kundi la kucheza nalo ndiyo dunia nzima ya mtoto. Usimwambie "achana nao, tafuta wengine" kana kwamba ni kubadilisha soksi. Kwake ni hasara ya kweli, na akikuona huioni hasara hiyo ataacha kukuambia.

Wa nne ni wa siri: "Usimwambie mwalimu, usimwambie mama." Tutaurudia baadaye.

Wa tano hauna maneno. Hakuna aliyemshawishi. Aliona wenzake watatu wanatupa mawe, naye akaokota lake. Huu ndio unaowapita wazazi wengi, kwa sababu mtoto akiulizwa "nani amekutuma?" hujibu "hakuna", na anasema kweli. Badilisha swali: "Nani alianza? Wa pili alikuwa nani? Wewe ulikuwa wa ngapi?" Hapo utaona mwenendo wa kundi, na mtoto mwenyewe atauona.

Hatua ya pili: uliza kwa namna inayofungua mdomo

"Shule ilikuwaje leo?" hujibiwa "nzuri", na mazungumzo yameishia hapo. Uliza kuhusu mchezo:

- Leo mlicheza nini, na nani aliuchagua mchezo?
- Kuna aliyekataliwa kucheza?
- Kuna aliyefanya kitu huku hataki?
- Wewe ulikuwa umesimama wapi?

Chagua mawili kwa siku, usiyamalize yote manne kwa mkupuo, la sivyo yatakuwa mahojiano ya polisi. Swali la tatu linamtaja mtoto mwingine kwa makusudi. Watoto wengi huanza kusimulia yao kupitia kwa mwenzao, na mwenzao huyo akishindwa kupata jina, pengine ndiye huyo aliye mbele yako.

Usiulize mlangoni. Mwache ale, apumzike kama nusu saa, kisha uliza mkiwa ubavu kwa ubavu: mnakunja nguo, mnatembea, mnapanga vitu. Mtoto huzungumza vizuri zaidi asipokodolewa macho. Ukishauliza, nyamaza. Hesabu kimoyomoyo hadi saba kabla ya kuongeza neno. Wazazi wengi hukata kimya kwenye sekunde ya pili, na jibu lililokuwa njiani hurudi ndani.

Panapoharibika zaidi ni usoni pako. Ukishtuka, ukafoka, ukashika simu papo hapo kumpigia mzazi mwenzako, mtoto ameshajifunza kwamba kusema kunaleta vurugu. Jibu lako la kwanza liwe "Ahsante kwa kuniambia. Halafu ikawaje?" Hukumu isubiri angalau saa moja, isipokuwa kuna hatari ya mwili.

Hatua ya tatu: mruhusu akatae nyumbani

Hii ndiyo hatua ambayo wazazi huiruka, na ndiyo inayobeba nyingine zote. Tunawalea watoto kwa methali za "wengi wape" na "mkataa wengi ni mchawi", tunawasifu kwa kutii mara ya kwanza bila swali, kisha tunategemea mtoto huyohuyo asimame peke yake mbele ya kundi aseme sitaki. Mtoto aliyezoeshwa kutii sauti kubwa kuliko zote ataitii popote atakapoikuta, na uwanjani sauti kubwa si yako.

Hakuna anayesema uache adabu. Gawa mambo katika mafungu mawili, na mtoto ayajue. Fungu la kwanza halijadiliwi: usalama, afya, shule, kutoumiza watu. La pili ni lake: nguo ipi kati ya mbili, kitabu kipi, acheze nini, amkumbatie mgeni au amsalimie kwa mkono. Kila siku mpe angalau nafasi mbili za kuchagua katika fungu la pili, na akisema "sitaki hiki", likubali jibu lake bila kununa na bila kumbembeleza mara tatu. Ukimbembeleza mpaka akubali, umemfundisha kwamba "sitaki" yake ni mwanzo wa mabishano tu.

Kuhusu kumkumbatia mgeni, wako watakaosema ni kukosa heshima. Heshima ni salamu, na salamu ataitoa. Kumlazimisha mtoto aguswe ili mtu mzima asijisikie vibaya ni somo lilelile ambalo kundi litalitumia: wafurahishe wengine, wewe utavumilia.

Mara mojamoja, akitoa hoja nzuri hata katika jambo ulilokwisha kuamua, badilisha uamuzi na umwambie kwa nini: "Umenieleza vizuri, bila kulia. Sawa." Mara moja kwa wiki inatosha. Mtoto anayejua kwamba kusema kwa utulivu hubadilisha mambo ana sababu ya kujaribu kusema.

Hatua ya nne: mpe kipimo, kisha mpe maneno

Kipimo kwanza, kwa sababu mtoto hawezi kukataa kitu ambacho hajakigundua. Mwili hutangulia: tumbo hukaza, mikono hutoka jasho, moyo hudunda. Mwonyeshe ishara yake mwenyewe pale inapotokea kwa jambo dogo: "Umeona tumbo lilivyokaza ulipopanda juu? Tumbo linakuambia simama ufikiri." Kwa mtoto wa miaka 4 au 5 ishara hiyo pamoja na swali moja, "Kuna atakayeumia?", inatosha. Kuanzia miaka 6 ongeza mawili:

1. Kuna atakayeumia au atakayelia?
2. Ningefanya hivi mwalimu au mzazi akiwa anaona?
3. Nimeambiwa nifiche?

La kwanza au la tatu likijibiwa "ndiyo", au la pili likijibiwa "hapana", jibu ni kukataa. Usiongeze swali la nne. Mtoto hakumbuki orodha ndefu akiwa amezungukwa.

Sasa maneno. Yawe manne kwa wingi, yatoke kinywani kwa pumzi moja:

- "Hapana, sitaki."
- "Mimi sifanyi hivyo."
- "Hiyo inaumiza. Acha."
- "Mimi naondoka."

Mtoto achague mawili anayoyapenda, si yote. Akiwa na mengi atakwama akichagua. Tena yawe maneno ya watoto wa hapo mlipo. Sentensi yenye harufu ya mtu mzima, kama "naona tabia hii haifai", itazomewa kabla haijaisha.

Mfundishe asitoe sababu. Watu wazima tumezoea kueleza, lakini kwa watoto kila sababu ni mpini wa kushikiwa. Akisema "sitaki, nguo yangu itachafuka", watamjibu "ivue". Akisema "naogopa kuanguka", watamjibu "tutakushika". Akisema "sitaki" na kulirudia neno lilelile kwa sauti ileile mara tatu, hakuna pa kushika.

"Siruhusiwi" nayo ina udhaifu wake, kwani jibu lake ni "mama yako hayupo hapa". "Sifanyi" ni bora kwa kuwa haimtegemei aliye mbali. Hata hivyo, mtoto mwenye haya huhitaji kisingizio cha kutokea, na ni haki yake. Kubalianeni mapema: "Ukiwa umekwama, sema baba amekataza. Itakuwa kweli, kwa sababu mimi sasa hivi ninakukataza kila kitu kinachokaza tumbo lako." Hapo hajasema uongo, na lawama umeibeba wewe. Mabega yako ni mapana kuliko yake.

Kuna jibu jingine ambalo kwa watoto wa chini ya miaka 8 mara nyingi lina nguvu kuliko hapana: kutoa mchezo mwingine. "Twende tukapige mpira!" Akili ya mtoto mdogo hugeuka haraka. Kundi lililokuwa linataka kumfukuza paka linaweza kulisahau wazo hilo ndani ya nusu dakika likipata jambo jingine la kukimbilia. Mtoto awe na michezo miwili mfukoni ambayo anaweza kuianzisha wakati wowote, isiyohitaji vifaa.

Hatua ya tano: mwili na mlango wa kutokea

Sauti ikisema hapana huku uso unacheka, wenzake wataamini uso. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote, na halitokani na udhaifu wa tabia. Mtoto hucheka kwa wasiwasi. Fundisha vitu vitatu tu: miguu yote miwili chini, uso usiocheka, sauti ya kawaida. Sauti ya kawaida, si ya ukali. Kelele huwapa watazamaji burudani, na burudani huwafanya waendelee.

Kisha aondoke. Kumwambia mtoto "ondoka" peke yake hakutoshi, kwa sababu hajui aende wapi, na anayeondoka bila mahali pa kwenda hurudi baada ya dakika moja akiwa na aibu. Tajeni mahali kwa jina: kwa mwalimu wa zamu, kwenye ngazi za maktaba, kwa kundi la wanaoruka kamba. Mahali pawili kwa kila sehemu anapocheza. Kama unaweza kufika naye hapo, tembeeni mguu kwa mguu kutoka uwanjani hadi mahali penyewe. Miguu ikishaijua njia, kichwa hakihitaji kufikiri sana.

Hatua ya sita: mazoezi ya dakika tano

Bila hatua hii, hizo tano zilizotangulia zitabaki maneno mazuri. Mtoto akiwa na hofu hatungi jambo jipya. Hufanya alilokwisha kulifanya. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mpango wa "likitokea hili, nitafanya lile" hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla ya "nitajitahidi". Kwa hiyo kila zoezi lianze kwa sentensi ya namna hiyo, mtoto akiisema mwenyewe: "Wakiniita mwoga, nitasema sifanyi hivyo, halafu nitaenda kwa mwalimu wa zamu."

Muda ni dakika tano, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nne. Zaidi ya hapo mtoto huchoka na zoezi hugeuka adhabu. Usilifanye akiwa na njaa, akiwa na usingizi, wala siku ileile aliyokosea.

Wiki ya kwanza, wewe ndiye mtoto na yeye ndiye mchochezi. Hili huwashangaza wazazi, lakini lina kazi mbili. Mtoto hucheka na kulegea, nawe unasikia kwa masikio yako maneno yanayotumika uwanjani, ambayo asingekuambia ukimuuliza. Wewe jibu kwa maneno aliyoyachagua, simama sawasawa, ondoka.

Wiki ya pili mbadilishane, kwa jambo jepesi lisilo na aibu: "Njoo tumfichie mwenzetu kiatu." Mshawishi mara moja tu, akikataa kubali mara moja. Aonje ushindi.

Wiki ya tatu ongeza nguvu: mshawishi mara tatu, tumia "mwoga", tumia "basi sikuchezeshi". Usiende zaidi ya mara tatu, na usiguse jambo linalomuuma kweli, kama umbo lake au namna anavyosoma. Ni zoezi, lisiache kidonda.

Wiki ya nne ongeza watu. Ndugu au mzazi mwingine asimame upande wako, muwe wawili dhidi ya mmoja. Uzito wa mtu wa pili ni mkubwa kuliko mtu anavyodhani, na ni vyema aonje nyumbani kwanza.

Zoezi moja la wiki ya tatu linaweza kwenda hivi:

Mzazi: Wote tumeshaparamia, bado wewe.
Mtoto: Sitaki.
Mzazi: Mwoga! Mwoga!
Mtoto: Sitaki. Mimi naondoka.
Mzazi: Basi kesho usije kucheza na sisi.
Mtoto anageuka na kutembea hadi mlangoni. Zoezi limeisha.

Baada ya hapo taja jambo moja jema, tena mahususi: "Umesema sitaki mara mbili kwa sauti ileile." Kisha jambo moja tu la kurekebisha, au usitaje lolote. Ukitoa makosa matano, zoezi lijalo atakwambia anaumwa kichwa.

Kwa watoto wa miaka 4 na 5 tumia vikaragosi au wanasesere badala ya nyuso zenu. Mwanasesere mmoja anashawishi, mwingine anakataa, mtoto anasema kwa niaba ya huyo anayekataa. Katika umri huu baadhi ya watoto huchanganya mchezo na kweli, na mzazi akimwita "mwoga" wanalia kwa dhati. Ikitokea, simamisha, mkumbatie, na rudini kwa wanasesere.

Hatua ya saba: mtafutie mwenzi mmoja

Katika miaka ya 1950 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwapa watu wazima kazi rahisi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku wengine waliokuwa chumbani wamepangwa watoe jibu la uongo. Takribani theluthi moja ya majibu katika raundi hizo yalifuata uongo wa kundi. Lakini alipokuwapo mtu mmoja tu aliyesema jibu la kweli, wafuasi wa kundi walipungua sana. Mmoja tu. Kwa mzazi hili ni jambo la faraja kubwa: huhitaji kumtafutia mwanao kundi zima jipya.

Angalia nani anacheza naye bila kumpa masharti. Mwulize mwalimu, maana yeye huona mengi ambayo mtoto hayasemi: "Nani hukaa naye vizuri?" Mwalike mtoto huyo nyumbani, mmoja si wawili, kwa sababu wakiwa watatu mmoja huachwa nje. Muda uwe dakika 60 hadi 90, na kuwe na shughuli iliyoandaliwa tayari: kujenga kitu, kuchora, kupika kitu chepesi pamoja. Ziara ya kwanza ikiachwa wazi kwa saa nne huishia ugomvini. Irudie kila wiki mbili. Zikifika ziara nne au tano, urafiki utakuwa na miguu yake.

Inafaa pia awe na rafiki wa nje ya darasa lake, kwenye mazoezi ya michezo au jirani. Mtoto aliyetengwa uwanjani Jumatatu, lakini ana mtu wa kucheza naye jioni, hana haja ya kununua nafasi kwa kufanya ubaya.

Mfundishe naye awe mwenzi huyo kwa wengine. Sentensi ni moja: "Mwacheni, hataki." Halafu amshike mkono anayesumbuliwa waondoke pamoja. Utafiti wa Lynn Hawkins, Debra Pepler na Wendy Craig, uliochapishwa mwaka 2001 baada ya kurekodi watoto viwanjani nchini Kanada, uliona kwamba wenzao walipoingilia kati, zaidi ya nusu ya matukio ya uonevu yalikoma ndani ya sekunde 10. Mwambie mtoto jambo hilo. Watoto wanapenda kujua kwamba neno lao lina nguvu. Lakini mkazie pia: kukiwa na kupigana, au wachokozi ni wakubwa zaidi, asiingie, akimbilie mtu mzima.

Kusemea na kuomba msaada

Watoto huogopa kuitwa wasemeaji, na hofu hiyo tumeipanda sisi. Kila tunapomwambia "acha kusemea, nenda mkayamalize wenyewe", tunamwongezea mchochezi ulinzi. Mpe kigezo kinachoeleweka: ukisema ili mtu aadhibiwe tu, huko ni kusemea. Ukisema ili mtu asiumie, wewe au mwingine, huko ni kuomba msaada, na kuomba msaada hakuna umri wala kikomo. Mjaribu kwa mifano mitatu au minne. "Mwenzako ameingia mbele ya mstari." "Mwenzako amepanda juu ya paa." "Mkubwa amekuomba umpe pesa kila siku." Aamue mwenyewe kila mmoja uko wapi.

Kuhusu siri, kanuni ni hii: siri njema ina siku ya kufunguliwa, kama zawadi ya mtu. Siri isiyo na siku, au inayokaza tumbo, inafika kwa mzazi siku hiyohiyo, hata kama aliapa. Mwambie waziwazi kwamba kiapo cha namna hiyo hakimfungi.

Akiwa ameshafanya

Itatokea, hata kwa mtoto aliyefanya mazoezi yote. Utaratibu wake una mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza apate kusimulia yote bila kukatizwa, na uulize "ilikuwa ngumu wapi?" badala ya "kwa nini?". "Kwa nini" huleta "sijui", kwani kweli hajui. "Wapi" huleta mahali: "nilitaka kukataa lakini walinicheka." Hapo umeshapata somo la zoezi lijalo.

Pili, arekebishe. Kalamu irudishwe kwa mkono wake, si wako, wewe ukiwa umesimama mita mbili tatu nyuma. Aliyechekwa aombwe radhi kwa maneno yanayotaja kosa: "Nilikucheka ulipoanguka. Samahani." Usikubali "walinituma" iwe kifuniko, wala usiipuuze. Mwambie mambo yote mawili: ni kweli walikusukuma, na mkono ulikuwa wako.

Tatu, baada ya siku moja au mbili, fanyeni zoezi la tukio lilelile, safari hii limalizike anavyotaka. Usilitaje tena baada ya hapo. Mtoto anayekumbushwa kosa kila likitokea jingine hujiona ameshapewa jina, na mwenye jina hana cha kupoteza.

Wakati wa kuingilia mwenyewe

Yapo mambo ambayo si ya kumwachia mtoto ayamudu kwa sentensi mbili. Ingilia mara moja akishawishiwa kucheza na moto, maji ya kina, dawa au vitu vyenye ncha kali, akidaiwa pesa, akishawishiwa kuonyesha, kugusa au kuguswa sehemu za siri, au anayemshawishi akimzidi umri kwa miaka mitatu au zaidi. Ingilia pia akikosa usingizi, akikataa shule, akijikojolea tena baada ya kuacha, au akiumwa tumbo kila asubuhi ya shule kwa zaidi ya wiki mbili. Dalili hizo zikiendelea hata baada ya shule kuchukua hatua, au akisema maneno ya kutaka kufa au kujiumiza, mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto bila kungoja.

Ukienda kwa mwalimu, peleka maandishi mafupi: tarehe, mahali, nani alikuwapo, maneno yaliyosemwa, mtoto alijibu nini. Matukio mawili au matatu yaliyoandikwa hivyo yana uzito kuliko "wanamwonea kila siku". Omba jambo mahususi: mtu mzima asimame karibu na vyoo wakati wa mapumziko, au viti vibadilishwe. Kubalianeni mrudi kuzungumza baada ya wiki moja. Usimkabili mtoto wa mwenzio getini, wala mzazi wake mbele za watu. Atamtetea mwanawe, ni kawaida, na kesho mwanao ndiye atakayelipa.

Anayesukuma akiwa wako

Siku moja taarifa inaweza kuja ikisema mwanao ndiye anayewaambia wengine "usicheze na yule". Usikane, usimtandike. Uliza uongozi huo anautumia kupata nini: mara nyingi ni hofu ya kuachwa yeye. Mpe kazi ya uongozi iliyo wazi, kama kuhakikisha kila anayetaka kucheza amepata nafasi, na kila siku kwa wiki mbili mwulize majina ya wawili aliowaingiza mchezoni. Fanya naye mazoezi yaleyale ya dakika tano, ila yeye asimame mahali pa anayeambiwa "hatukutaki", na anyamaze kidogo kabla hamjaendelea.